Biashara Ndogo za Vijana Wetu: Mfano wa Mji wa Eldoret

Katika darsa zetu za baada ya Isha limeletwa suali ambalo twaona si la mtu mmoja. Mzee mmoja ameuliza: mwanangu ana miaka kumi na mitano, yuko skuli, na kila likizo ikija hana kazi ila kukaa barazani na simu mkononi. Je, yafaa nimfungulie biashara? Biashara yenyewe ni ipi, na fedha atakayoipata ni ya nani? Tumeona vema tulijibu hapa kwa urefu kidogo, kwani wenye vijana wa umri huu ni wengi, na jawabu zitolewazo mitaani ni mbili tu, na zote mbili hazitoshi. Mmoja husema: mtoto asome, biashara ataijua akikua. Mwengine husema: skuli hazina faida tena, wenye shahada wamejaa majumbani, mpe pikipiki achume. Wa kwanza amesahau kwamba mtoto asiyewahi kushika shilingi yake mwenyewe hupewa urithi akiwa na miaka thelathini akaumaliza kwa mwaka mmoja. Wa pili amemtoa mwanawe darasani kwa ajili ya kipato cha leo, na kesho atamlilia.

Mfano wetu tumeuchukua mbali na pwani, na tumefanya hivyo makusudi. Wengi wetu tuna jamaa Eldoret: waalimu, wenye maduka, watumishi wa hospitali. Wanapokuja Mombasa au Lamu kwa Idi husimulia mambo ya vijana wa huko, nasi husikia kwa sikio moja. Mji ule hauna bahari wala bandari. Hauna jina la kale kama Pate au Mombasa. Wazee wa huko bado huuita Sikstifoo, kwa kuwa ulianza juu ya shamba lililopewa nambari 64 katika ramani ya walowezi. Posta ilifunguliwa hapo mwaka 1910, jina la Eldoret likaja mwaka 1912, na reli ikafika mwaka 1924. Husimuliwa kwamba sanduku la chuma la benki ya kwanza lilianguka kutoka garini likawa zito mno kuinuliwa, basi ikabidi benki ijengwe palepale lilipoangukia. Hatuidhamini hadithi hiyo, lakini yapendeza, na yafanana na mji wenyewe. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu hapo zaidi ya watu 475,000, na Agosti mwaka 2024 ukatangazwa kuwa jiji la tano la Kenya.

Kwa nini twautaja? Kwa sababu ni mji wa wageni. Mkaleñjini wa pale ana ardhi yake jirani, walakini wafanyao biashara sokoni wamekuja kutoka kila pembe: Wahindi, Wanubi, Wasomali, Wakikuyu, Waluhya, na Waswahili wachache waliokwenda na reli au baada yake. Hakuna aliyefika huko na nasaba ya kutambia. Aliyeuza ndizi aliitwa muuza ndizi, na baada ya miaka kumi akaitwa mwenye duka, na hakuna aliyemuuliza babu yake alikuwa nani. Huku kwetu, kijana wa mji akionekana na karai la viazi mlangoni, shangazi zake hukusanyika: ametutia aibu, watu watasema nyumba hii ina njaa. Aibu hii twaijua sote. Nayo imewafunga vijana wetu kuliko umasikini ulivyowafunga, kwani masikini huweza kukopeshwa kibaba cha unga, lakini mwenye kiburi hakopesheki kitu.

Na tusidhani kwamba kiburi hiki kina asili katika dini. Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, alichunga kondoo wa watu wa Makka kwa ujira mdogo wa karati, na alikuwa wa nasaba tusiyoweza kuifikia. Abdurrahman bin Auf alihamia Madina hana kitu. Nduguye wa Kiansari akamwahidi nusu ya mali yake. Alimuombea dua, kisha akamwambia amuonyeshe soko lilipo. Siku ile alirudi na samli na jibini kavu, faida ya kazi yake. Basi aliyekuja kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Madina alianza na vitu vya maziwa, na hapana aliyemcheka.

Kwa kuwa tumetaja maziwa, tuwataje na watu wa bara ya Eldoret ambao khabari zao zinajulikana na wote. Eliud Kipchoge, mkimbiaji ambaye dunia nzima yamjua, alizaliwa mwaka 1984 Kapsisiywa, katika nchi ya Wanandi jirani na Eldoret. Kabla mbio hazijampa jina alikuwa akikusanya maziwa ya majirani, akiyapeleka kwa baisikeli kuuza Kapsabet. Mwaka 2003, akiwa na miaka kumi na minane, alishinda mita 5,000 katika mashindano ya dunia huko Paris. Naye Rais William Ruto, bila ya sisi kuingia katika siasa, amesema mara nyingi kwamba utotoni aliuza kuku kando ya njia kuu upande wa Turbo. Hatusemi kwamba kila auzaye maziwa atakuwa bingwa, wala kila auzaye kuku atakuwa rais. Tusemalo ni dogo zaidi: biashara ile haikuwapunguzia kitu.

Sasa tuje kwenye hukumu, kwani muulizaji amesema "yafaa?" Qur'ani, katika sura ya nne, imewaamrisha walezi wa mayatima wawajaribu mpaka wafikapo umri wa kuoa, na wakiona kwao uongofu wa akili ndipo wawakabidhi mali yao. Wanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameuliza: kujaribiwa huku huwa vipi? Imam Nawawi katika Minhaj amebainisha kwamba mtoto wa mfanya biashara hujaribiwa kwa kuuza na kununua na kubishana bei. Na iliyo sahihi zaidi ni kwamba kabla ya kubaleghe mtoto hubishana bei tu, na wakati wa kufunga mapatano ndipo mlezi wake huyafunga. Akishabaleghe na rushdi yake ikaonekana, ana mkono wake mwenyewe.

Tazameni hekima iliyomo. Sharia haikungoja kijana akue ndipo aanze kujifunza fedha, wala haikumtupa sokoni peke yake. Imemtaka baba asimame nyuma yake, asikie anavyosema bei, aone anavyokasirika mnunuzi akimpunja, aone kama anaficha yai lililooza chini ya mazuri. Hiyo ndiyo rushdi, na haionekani katika karatasi ya mtihani. Kwa hivyo jawabu ya suali la kwanza ni kwamba yafaa, na zaidi ya kufaa ni wajibu wa mlezi kumjaribu mwanawe kwa kitu kidogo kabla hajampa kikubwa.

Sheria ya nchi nayo yaenda karibu na njia hiyo. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hana kitambulisho, na laini ya simu na leseni ya biashara hutolewa kwa jina la mkubwa wake. Sheria ya kazi ya mwaka 2007 yakataza kumuajiri mtoto wa chini ya miaka 13, na yaruhusu kwa wa miaka 13 hadi 16 kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumkosesha masomo. Mifuko ya serikali ya kuwakopesha vijana, kama ule ulioanzishwa mwaka 2006, huanza na wenye miaka 18. Basi kijana wa miaka kumi na mitano biashara yake ni biashara ya nyumba yao, na mzazi ndiye mwenye jina. Pikipiki ya abiria si yake. Asipewe hata akilia.

Biashara gani, basi? Hapa ndipo wengi hukosea, kwani huuliza "vijana wengine wafanya nini?" na huku suali ni "watu wa mtaa huu wakosa nini?" Eldoret iko kadiri ya mita 2,100 juu ya bahari. Usiku wa Julai baridi huweza kushuka mpaka kadiri ya digrii 10, na mvua hunyesha tangu Machi hadi Septemba. Mtu wa Mombasa hununua madafu na barafu. Wa Eldoret saa kumi na mbili asubuhi hutaka uji wa moto na kitu cha kutafuna. Matope ya Langas na Huruma huchafua viatu kila siku, na aliye na brashi na ndoo ya maji ana kazi. Kuna Chuo Kikuu cha Moi kilichoanzishwa mwaka 1984, kuna Chuo Kikuu cha Eldoret, kuna hospitali kuu ya rufaa ambayo wagonjwa huletwa kutoka magharibi yote ya nchi na jamaa zao hulala nje wakingoja. Watu hawa wote ni wageni wa mji, hawana jiko, na tumbo la mgeni lina njaa mapema.

Uasin Gishu ni nchi ya mahindi na ngano. Mahindi mabichi ya kuchoma huja wakati wa likizo ya Agosti. Makavu huvunwa kuanzia Oktoba, na likizo ndefu ya Novemba na Disemba huangukia humo. Kijana wa skuli aliye na akili huiona kalenda hii kama neema iliyopangwa kwa ajili yake. Mboga, khasa sukuma wiki, huota hata ndani ya magunia yaliyojazwa udongo na kupangwa uani, na hazihitaji ila maji na kuangaliwa. Maziwa ni mengi, na wenyewe huyatengeneza mursik ndani ya kibuyu kilichopakwa makaa ya mti wa senetwet. Lakini kuuza maziwa kwa umma kwataka leseni ya Bodi ya Maziwa, basi biashara hiyo isifanywe kwa kujificha.

Kuku twawasifu, ila kwa tahadhari. Yai hualikwa siku 21, na kifaranga katika juma lake la kwanza hutaka joto la digrii 32 hadi 35, jambo ambalo pwani si taabu kubwa, na Eldoret ndilo linalowaua. Wengi huweka jiko la makaa katika chumba cha vifaranga na kukifunga. Tena huwa ndicho chumba wanacholala watoto. Moshi wa makaa usioonekana umeua watu wengi katika miji ya baridi; jiko lisiwekwe kabisa penye watu waliolala, na chumba cha kuku kiwe na pa kupitisha hewa. Chanjo ya kideri isiachwe, kwani ugonjwa huo ukiingia bandani huweza kuondoka na kuku wote kabla Ijumaa haijafika.

Na kuna bidhaa zetu wenyewe. Mbuyu hauoti katika baridi ile, lakini mabuyu ya sukari hupendwa na watoto wa kila kabila, nayo hayaozi njiani. Kutoka Mombasa mpaka Eldoret ni kadiri ya kilomita 800, na basi hubeba furushi kwa nauli ndogo. Kijana wa pwani na binamu yake wa bara waweza kufanya kazi pamoja: huyu anunue hapa, yule auze kule, tende kabla ya Ramadhani, kofia kabla ya Idi. Wasichana wetu wanaoshona kofia za viua, ambao huuza kwa dalali mmoja kwa bei anayoitaka yeye, wangepata soko la pili. Twaongeza neno juu ya wasichana: si lazima binti asimame njiani ili afanye biashara. Ashone, apike, apake hina, asomeshe watoto wadogo hisabu na Qur'ani nyumbani, na nduguye apeleke. Lakini fedha irudi mkononi mwake. Tumeona nyumba ambazo dada hushona na kaka hutumia, na wazazi hunyamaza. Hiyo ni dhulma, hata ikiitwa ushirika wa ndugu.

Sasa tufike pale biashara nyingi za vijana zinapofia, nako si kwenye kuuza bali kwenye hisabu. Tufanye mfano. Kijana ameazimia kuuza mahamri asubuhi. Tuseme amenunua unga wa shilingi 180, mafuta ya shilingi 140, na sukari, hamira na iliki za shilingi 100. Jumla ni shilingi 420. Amepata mahamri 60, na kila moja ni shilingi 10, basi moyoni mwake ameshaandika shilingi 600 na faida ya 180. Asubuhi wadogo zake wamekula sita kabla hajatoka. Njiani rafiki zake wamechukua kumi, "tutakupa Ijumaa". Ameuza 44, ana shilingi 440. Ahesabu: nimetoa 420, nimerudi na 440, alhamdulillahi nimepata faida ya 20. Lakini makaa ameyachukua katika gunia la mama, na lau angeyanunua yangekuwa shilingi 50. Gharama ya kweli ni 470. Hakupata faida, amepata khasara ya shilingi 30, na mama yake ndiye aliyeilipa bila kujua. Akiendelea hivi mwezi mmoja gunia litakwisha, mama atagombana, na kijana atasema biashara ya mahamri haina baraka.

Lau angelipwa mahamri yote 60, faida yake ya kweli ingekuwa shilingi 130. Basi tofauti baina ya faida na khasara katika mfano huu haikuwa wanunuzi. Ilikuwa mahamri kumi na sita na makaa ya jikoni. Kwa hivyo twamtaka kila kijana awe na daftari, na jioni, kabla ya kulala, aandike mambo manne: nilichonunua, nilichouza, ninachodai, na nilichokula mimi na jamaa zangu. Hilo la nne ndilo wasiloliandika, nalo ndilo lililoua maduka mengi ya mji wetu, si ya vijana tu.

Jambo la pili ni kutenga mtaji na chakula. Abu Daud amepokea kisa cha Muansari aliyekuja kuomba, na nyumbani kwake hakuna ila kitambaa na bakuli. Mtume aliviuza kwa dirhamu mbili. Moja akamwambia anunulie watu wake chakula. Ya pili anunue shoka, na akamtia mpini kwa mkono wake mwenyewe, kisha akamtuma kukata kuni, asimuone kwa siku kumi na tano. Aliporudi alikuwa na dirhamu kumi. Wako waliosema katika sanadi ya hadithi hii, lakini maana yake haina doa. Angalieni zile dirhamu mbili hazikuchanganywa. Dirhamu ya shoka haikununuliwa chakula, ingawa njaa ilikuwako. Kijana wetu naye, akiuza kwa shilingi 600, azitoe kwanza 470 aziweke mbali kwa ajili ya kesho, ndipo aangalie zilizobaki. M-Pesa iliyoanza mwaka 2007 imerahisisha mambo mengi, walakini imetuchanganyia fedha zote katika mfuko mmoja usioonekana, na mfuko usioonekana hutoboka upesi.

Katika simu hiyohiyo kuna mitego miwili ambayo haituwezekani kuinyamazia. Wa kwanza ni mkopo wa papo kwa hapo, unaotozwa ada kila siku mpaka ulipwe. Jina lake liwe lolote, ziada juu ya deni ni riba, na hata asiyejali riba na apige hisabu: mtaji wa mahamri hauwezi kubeba ada ya kila siku. Wa pili ni kamari ya mipira. Sheria yaikataza kwa walio chini ya miaka 18, na vijana huicheza kwa simu za wakubwa wao, Eldoret na Mombasa sawasawa. Ubaya wake kwa mfanya biashara mchanga ni zaidi ya kupoteza shilingi mia. Humfundisha kwamba fedha huja kwa usiku mmoja, na aliyekwisha kuonja hilo hawezi tena kungoja siku 21 za yai.

Muulizaji amesema pia: fedha ni ya nani? Alichokichuma kijana ni chake. Mzazi aliye muhitaji ana haki ya kulishwa na mwanawe, na kijana akisaidia nyumba kwa radhi yake ana thawabu. Lakini baba mwenye uwezo anayechukua faida ya mwanawe kila jioni "nikuwekee", na wala haiweki, amemfundisha mtoto kuficha, na kuficha ndiko mwanzo wa khiyana.

Ama mtaji, kama baba hana, kuna njia ambayo wazee wetu waliijua na sisi tumeiacha: mudharaba. Ami au mjomba atoe fedha, kijana kwa idhini ya baba atoe kazi, na faida igawanywe kwa fungu lililotajwa tangu mwanzo, nusu kwa nusu au thuluthi kwa thuluthi mbili. Haijuzu kutaja kiasi maalumu, kama kusema "nipe mia tano kila mwezi". Ikitokea khasara pasi na uzembe, mwenye mali amepoteza mali na kijana amepoteza jasho lake, wala hadaiwi kulipa. Mapatano yaandikwe, hata kama ni ya shilingi elfu mbili na baina ya mtu na mpwawe, na wawepo mashahidi wawili. Yawekewe muda: tangu skuli zifungwapo Novemba mpaka zifunguliwe Januari. Siku ya mwisho daftari lifunguliwe mbele ya wote, bidhaa zilizobaki zithaminiwe, mtaji urudi kwanza kwa mwenyewe, kisha faida igawanywe hapohapo, na kijana arudi darasani.